Lundo Lililoishinda Kanda

Mama Ombeni anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo, na kutoka pale kwenye kamba yake huwa analiona Lundo la Taifa lote, kuanzia kitakoni hadi kileleni, maana yeye na Lundo wametenganishwa na uzio tu. Obadia alikuwa juu kabisa, beleshi mkononi, anageuza vibanzi kama siku zote. Akasimama. Akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Akageuka upande wa mjini kama mtu aliyesikia anaitwa. Hapo ndipo Lundo lilipofungua kinywa, likammeza, likafunga. Obadia hakupiga kelele, na Lundo nalo halikupiga kelele. Beleshi ndilo lililobaki juu peke yake, limelala, na baada ya muda nalo likazama taratibu, mpini mwisho.

"Kama mtu anayemeza kidonge," Mama Ombeni alisema. "Tena bila maji."

Alikuwa anamwambia Sikitu, mke wa Obadia, mlangoni kwake. Sikitu alikuwa na ungo wa maharage mapajani, anachambua. Alisikiliza hadi mwisho. Akatoa kijiwe kimoja kwenye maharage, akakitupa uani.

"Ulimaliza kuanika?" akauliza.

"Niliacha shuka moja kwenye beseni."

"Nenda kaanike, shoga. Litanuka."

Inafaa kusema kwamba Mama Ombeni ni mtu wa kuona mengi. Mwaka juzi aliona mbuzi amevaa soksi, akatembeza habari hiyo mtaa mzima, na mbuzi mwenyewe hakupatikana. Kwa hiyo serikali haikuwa na kazi ngumu. Jioni ileile redio ilitangaza kwamba Lundo la Taifa halina kinywa, halijawahi kuwa nacho, na halipo kwenye mpango wa kukipata ndani ya mwaka huu wa fedha.

*

Ili mtu asipotee, ni vizuri aelezwe Lundo lilitoka wapi.

Nchi yenyewe ni ya kawaida. Ina milima, ina baridi ya asubuhi, ina miti mirefu inayopandwa kwa mistari kama watoto wa shule. Imezungukwa na nchi nyingine za kawaida, na zote zikikaa pamoja huitwa Kanda. Zamani watu wa Nchi walipasua magogo yao wenyewe. Misumeno ililia mchana kutwa, na chini ya misumeno yakabaki maranda na vibanzi, ambavyo havikuwa na mwenyewe. Mwenye kuku alichukua akatandika bandani. Mwenye jiko la kushindilia alishindilia akapikia. Sikitu mwenyewe alikuwa akijaza kiroba kila alipompelekea mumewe chakula, na hakuna aliyemwambia kitu.

Mambo yaliharibika siku Waziri wa Ulinganisho alipokwenda kwenye mkutano huko nje. Huko alionyeshwa mchoro wenye nguzo mbili. Nguzo moja ilikuwa ndefu, na chini yake pameandikwa kwamba hivyo ndivyo vibanzi na maranda Kanda inavyoagiza kutoka nje. Nguzo ya pili ilikuwa ya Nchi. Ilikuwa fupi kiasi kwamba Waziri alidhani ni mstari wa chini wa karatasi.

Alirudi na homa. Hata kabla ya kumeza dawa akaingia redioni.

"Ndugu wananchi! Nimeaibika, na nyinyi mmeaibika, ila mlikuwa bado hamjaambiwa. Kanda inaagiza vibanzi! Kanda inaagiza maranda! Sisi tunaagiza nini? Tunaokota! Taifa linalookota maranda chini ya misumeno yake lenyewe, hilo ni taifa, ama ni kuku?"

Watu wakaona aibu. Hawakujua ni ya nini, lakini waliiona, maana sauti ya Waziri ilikuwa inatetemeka. Mwalimu mmoja wa mjini aliuliza, kwa heshima zote, maranda ya kuagiza yatafanya kazi gani ambayo ya kuokota hayafanyi. Aliteuliwa kuwa balozi katika nchi moja ya mbali sana ambayo hadi leo haijajulikana ilipo.

Basi viwanda vya mbao vikafungwa. Magogo yakapakiwa mazima mazima yakapelekwa ng'ambo, yakapasuliwa huko. Mbao zikabaki hukohuko. Vibanzi na maranda vikarudi kwenye malori, vimefunikwa maturubai mapya, vinasindikizwa na polisi wenye ving'ora. Vikamwagwa pale ambapo zamani palikuwa na kiwanda cha kijiji, na hilo ndilo likawa Lundo la Taifa. Nyasi hazikuruhusiwa kuota karibu nalo, na kuku hawakuruhusiwa kuliangalia.

Obadia alikuwa mpasuaji. Msumeno ulipofungwa alipewa kazi mpya, mgeuzaji wa Lundo, na buti za mpira. Siku moja alirudi nyumbani, akakaa, akatoa mfukoni kipande cha ganda la mti kisichozidi kiganja. Kilikuwa na alama nyekundu ya rangi. Ilikuwa rangi yake, mkono wake, aliipiga mwenyewe kabla gogo halijapelekwa ng'ambo.

"Leo nimekutana na mti wangu," akamwambia mkewe.

"Haujambo?"

"Umesagika."

Wakacheka, halafu wakala. Kesho yake walinzi walimnyang'anya kile kipande getini kwa sababu ni mali ya nje.

*

Shida ni kwamba Kanda haikushikika.

Nchi iliagiza malori mia, Kanda ikaongezeka malori mia. Nchi ikaagiza mia tano, Kanda nayo, siku hiyohiyo, mia tano. Waziri alikuwa akilinganisha kila asubuhi kabla ya chai, na kila asubuhi ile nguzo ya Kanda ilikuwa imeongezeka kwa kiasi kilekile. Akaunda tume. Tume ilikaa hotelini miezi mitatu, ikatoka na ripoti yenye jalada la ngozi, iliyosema kwamba Kanda inatuiga.

"Ni wivu," Waziri alisema redioni. "Wametuona. Wanapenyeza majasusi bandarini. Lori letu likikohoa na lao linakohoa!"

Kila mtu aliyekuwa na ramani ukutani aliona kwamba Nchi imo ndani ya Kanda, na kwamba mtu akijaza ndoo iliyo ndani ya pipa, pipa nalo limepata maji. Lakini kila mtu aliyekuwa na ramani alikuwa pia na watoto. Mwishowe jambo hilo liligunduliwa na Waziri mwenyewe akiwa anaoga, na likapewa jina lake.

Alhamisi moja Bunge likapitisha sheria, na Nchi ikajitoa kwenye Kanda bila kusogea ilipokuwa. Walimu wakaagizwa wachukue mkasi, waikate Nchi kwenye ramani za ukutani, waibandike pembeni, mbali na jirani zake kwa upana wa kidole kimoja. Watoto wakauliza pale katikati pana nini, ni bahari ama ni jangwa. Walimu wakajibu kama walivyoandikiwa, kwamba ile ni nafasi.

Tangu siku hiyo, kwa mara ya kwanza, ushindi ukaonekana unawezekana. Ilibaki kukaza.

Pakaja mizani getini. Haikuwa ya malori tu, bali ya watu pia. Kila mgeuzaji alipimwa akiingia na kupimwa akitoka, asije akaondoka na maranda kwenye buti. Kanuni ilipakwa ukutani kwa rangi ya samawati: KINACHOINGIA NA KISICHOTOKA NI SHEHENA. Obadia alikuwa akiipenda ile mizani. Alisema ni mara yake ya kwanza kujulikana uzito bila kuumwa.

"Leo kilo ngapi?" Sikitu alikuwa akimuuliza akivua buti.

"Hamsini na nane."

"Na jana?"

"Hamsini na nane. Mke wangu, kweli hunilishi."

"Nakulisha. Unaunguza mwenyewe huko juu."

Halafu ikaja Ndoo ya Uzalendo. Kila Jumamosi, kila mwananchi mwenye mikono alitakiwa kuleta ndoo moja ya maji kutoka mtoni na kulimwagia Lundo, ili liwe zito. Ofisi ya Lundo ilikuwa imegundua kwamba kibanzi kilicholowa kinapima zaidi ya kikavu, na tangu kugunduliwa hakuna kibanzi kilichoachwa kikauke.

Obadia hakuipenda Ndoo. Alimwambia mkewe, na baadaye Afisa Lundo wa Wilaya, Bwana Pendaeli, kwamba vibanzi vikishindiliwa vibichi vinajipika. Ndani mle pana moto usio na mwali. Vinaoza, vinashuka, juu panabaki gamba tu, na chini ya gamba pana mashimo. Yeye na wenzake walikuwa wakifukia viazi vitamu asubuhi na kuvila mchana vimeiva.

Bwana Pendaeli alimsikiliza kwa makini. Ni mtu mpole, mwenye leso safi, hajawahi kumkatisha mtu maneno.

"Na ule mvuke, Obadia, unauonaje?"

"Ndiyo dalili, mzee."

"Hapana. Ile ni pumzi ya maendeleo. Mkurugenzi wa Lundo amesema. Na viazi, kuanzia leo, vipimwe getini."

Jumanne iliyofuata ndipo Mama Ombeni alipokuwa anaanika nguo.

*

Sikitu alikwenda ofisini siku ya tatu. Alivaa kitenge chake cha kutokea. Bwana Pendaeli akamkaribisha kiti, akamfutia vumbi kwa leso.

"Karibu, dada yangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Nimemfuata mume wangu."

"Yuko kazini."

"Tangu Jumanne?"

"Hakuna mwenzake," Bwana Pendaeli alisema, na macho yake yalikuwa na fahari ya kweli. "Wenzake wote saa kumi wameshashika mlango. Yeye, mizani inasema aliingia, na haisemi alitoka. Siku tatu mfululizo! Tumempendekeza Mfanyakazi Bora."

Alionyesha ukutani. Palikuwa na picha ya Obadia, ileile ya kitambulisho, imekuzwa hadi pua ikawa kubwa kama viazi vyake, na pembeni imezungushiwa maranda yaliyogundishwa kwa gundi.

"Jirani yangu aliona amezama," Sikitu alisema.

"Yule wa mbuzi?"

"Huyohuyo."

"Basi."

"Naomba mchimbe muangalie. Upande wa kaskazini, panapotoka mvuke mwingi."

Bwana Pendaeli akaikunja leso. Akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba Lundo halichimbwi. Siku za kufunga hesabu ya Ulinganisho zimekaribia. Kibanzi kimoja kikitolewa, hata kwa nia njema, Nchi inashuka na Kanda inabaki pale ilipo. Je, yeye kama mama wa kesho angependa kujibu nini watoto wakimuuliza Nchi ilishuka siku gani?

Sikitu hakuwa na watoto. Akaaga. Njiani alipita mtoni akasahau kilichompeleka, akanawa miguu, akarudi.

*

Mama mkwe wake alishuka kutoka mlimani na mkeka wake mwenyewe. Watu humwita Bibi Tuse. Hakuuliza mengi. Aliutandika mkeka sebuleni, akakaa, akafunga kilemba, akaweka wembe mpya kwenye pindo la kanga. Kwao mlimani mama hujinyoa nywele mwanawe akishazikwa, na asipozikwa hanyoi, na asiponyoa halali kitandani, hashiki jembe, haingii kwenye nyumba ya mtu isipokuwa ya huyo mwanawe.

"Wamemtoa?" aliuliza siku ya kwanza.

"Bado, mama."

"Wamemtoa?" aliuliza siku ya pili, na ya tatu. Baadaye akawa anaangalia tu mlango Sikitu anapoingia, na Sikitu anatikisa kichwa.

Wanawake wa mtaani wakaanza kuja, kila mmoja na unga wake kidogo na kuni, na kukaa chini. Wanaume wakawasha moto nje. Usiku uleule akaja kijana wa ofisi, akasimama kwenye mwanga.

"Hapa pana msiba?"

"Hapana," Mama Ombeni akamjibu. "Tumekaa tu."

"Moto wa nini?"

"Baridi."

"Na yule bibi mle ndani mbona amekaa chini?"

"Kitini anapata kizunguzungu. Wewe mwanangu umekula? Kaa hapo upate maharage."

Kijana akala. Alipomaliza akasoma tangazo kwamba kuomboleza karibu na Lundo ni kuashiria kwamba Lundo lina kitu cha kuombolezewa, na kwamba watu wanaopenda kukaa wakae kwa furaha. Basi wakakaa kwa furaha. Walipoondoka mmoja mmoja walimshika Sikitu mkono, na kwa kuwa hawakuruhusiwa kumpa pole, walimwambia, "Hongera ya Mfanyakazi Bora." Yeye akawa anajibu, "Asante. Imeshafika."

Jumamosi alichukua ndoo akaenda mtoni na wenzake. Alipanga mstari. Zamu yake ilipofika alimwaga maji upande wa kusini, mbali na mvuke, polepole, kwa kuyaelekeza na mkono yasiende kaskazini. Mlinzi akamwambia aache kuchezea mali ya umma.

*

Hesabu ikafungwa Jumatano. Sikitu alisikia akiwa kwenye mashine ya kusaga, kwenye redio ya mwenye mashine, unga umemjaa nyusi.

"Ndugu wananchi!" Sauti ya Waziri ilikuwa ya mtu anayelia na kucheka kwa pamoja. "Kanda imelala chini! Kanda haipumui! Tumeishinda kwa vibanzi na kwa maranda, kwa jumla na kwa rejareja, kwa kilo hamsini na nane!"

Mwenye mashine akazima injini ili watu washangilie. Watu wakashangilia. Mzee mmoja akauliza hamsini na nane elfu ama milioni, akaambiwa ni hamsini na nane basi, ushindi ni ushindi. Sikitu alibaki ameshika mdomo wa gunia. Unga ulikuwa bado unashuka kidogokidogo kwenye bomba, akausubiri uishe.

Kisha akaenda ofisini, hivyohivyo na unga wake.

Safari hii Bwana Pendaeli alifunga mlango. Akafunga na dirisha.

"Dada yangu, wewe ni mtu mzima, nitakuambia. Usiku wa kufunga hesabu tulikuwa tumekwama. Nguzo mbili sawasawa. Mkurugenzi amekaa pale, analia. Tumemwagia maji hadi mto umeonyesha mchanga. Ndipo kijana wa mizani akakumbuka. Aliingia kilo hamsini na nane, hakutoka." Akaonyesha dirishani, ingawa alikuwa amelifunga, kule ilikoandikwa kanuni ya samawati. "Mumeo ametuvusha."

"Kwa hiyo mnajua yumo."

"Mizani inajua."

"Basi mnitolee nikamzike."

"Tukimtoa tuko sare na Kanda." Alilitamka neno sare kwa sauti ya chini, kama tusi. "Na lipo jambo jingine. Kila kilichomo mle kimetoka nje. Ndiyo maana yake. Kwa hiyo mumeo, kwa sheria ilivyo, ni wa nje. Unajua umeishi na mgeni miaka yote hiyo bila kibali? Tumeona tulisamehe hilo, kwa heshima yake."

"Alizaliwa hapo mlimani. Mama yake yuko nyumbani kwangu, kwenye mkeka."

"Na yeye tutamwangalia."

Sikitu akainamisha kichwa. Unga ulimdondoka kwenye nyusi ukaangukia meza, na Bwana Pendaeli akaufuta kwa leso.

"Naomba kuuliza," Sikitu akasema. "Maji tunayomwagia. Si ya mto wetu?"

"Yakiwa mtoni, ya kwetu. Yakishaingia kwenye Lundo ni ya Lundo."

"Na yanahesabiwa."

"Kila tone."

"Chochote kikiingia?"

"Chochote, dada yangu. Lundo halibagui." Akafungua mlango. "Jumamosi Waziri anakuja mwenyewe. Utakabidhiwa ile picha. Utasema neno la shukrani, fupi, na usivae nyeusi."

*

Siku mbili Sikitu alishinda mtoni. Maji yalikuwa yamepungua, mawe yako nje. Alichagua ya mviringo, akayasafisha tope, akayapeleka kwenye mashine ya kusaga mafungu kwa mafungu, akayapima kwenye mizani ya mahindi. Mwenye mashine hakuuliza. Mama Ombeni, ambaye huuliza, alimkuta njiani na kiroba kichwani, akakishika upande wa pili.

"Unajenga?"

"Hapana."

"Unajua mimi niliona kweli, Sikitu. Ya mbuzi nilitania. Hii niliona."

"Najua."

"Mbona siku ile hukulia?"

Sikitu alifikiri. Alikuwa hajajiuliza. "Nilikuwa nachambua maharage," akasema.

Yalipofika kilo hamsini na saba na nusu Bibi Tuse alitoka nje kwa mara ya kwanza. Akainama uani kwenye mawe yaliyobaki, akayageuzageuza, akaokota moja dogo la kijivu. Alikaa nalo mapajani muda mrefu, ameliwekea viganja vyote viwili.

"Liweke na hili," akasema.

Ikatimia.

*

Jumamosi Waziri alifika na gari jeupe, na nyuma yake gari jingine lililobeba mchoro, maana sasa nguzo ya Nchi ilikuwa haiingii kwenye gari la kawaida. Bendi ilipiga. Watu walisimama kwa mistari, kila mmoja na ndoo yake imejaa. Lundo lilikuwa limepakwa chokaa chini, na kileleni pamechomekwa bendera, na upande wa kaskazini mvuke ulikuwa unapanda moja kwa moja, kwa sababu hapakuwa na upepo.

"Kuna watu walisema hatutaweza!" Waziri alisema. "Walisema vibanzi si maisha! Nawauliza leo, wako wapi?"

Wengine walikuwa mabalozi.

"Kanda sasa inatuonea wivu. Kanda inataka kurudi kwetu. Sisi tumesema hapana! Kwanza mwakani tutaishinda kwa maradufu. Ndoo mbili kila Jumamosi! Na leo namwona hapa mama shujaa, mke wa Mfanyakazi Bora, mtu ambaye hadi sasa ninavyozungumza hajatoka kazini. Apigiwe makofi!"

Watu waliweka ndoo chini wakapiga makofi, wakazishika tena.

Sikitu alitokea nyuma ya mstari akisukuma toroli. Gurudumu lake lilikuwa linalia. Mlinzi alitaka kumzuia, lakini Bwana Pendaeli alidhani ni zawadi kwa mgeni, akampungia mkono apite. Juu ya toroli pametandikwa kitenge cha kutokea. Alilisimamisha mbele ya jukwaa bila kuachia vishikio. Wakamletea picha, na kwa kuwa mikono yake haikuwa wazi, wakaiegemeza kwenye gurudumu. Wakamsogezea kipaza sauti mdomoni.

"Mheshimiwa Waziri, shikamoo."

"Marahaba, mama! Sema usiogope."

"Nashukuru kwa picha. Mume wangu yumo mle ndani, na mnajua. Sisemi kwa ubaya. Nimeambiwa akitoka Nchi itapungua. Nimeambiwa pia kwamba kikiingia chochote, ni cha Lundo." Akavuta kitenge kwa ncha ya kidole. "Haya ni mawe ya mtoni. Ni kilo hamsini na nane, yamepimwa mbele ya watu. Naomba niyaingize haya, nimtoe yeye. Nitachimba mwenyewe, wala sihitaji msaidizi. Lundo halitapungua. Kanda haitajua. Mama yake yuko pale anangoja kunyoa."

Kipaza sauti kilipiga mluzi kidogo kikatulia. Waziri alimwinamia Bwana Pendaeli sikioni. Bwana Pendaeli akatoa leso, akaikunjua, akaikunja. Kiongozi wa bendi alikuwa ameinua kijiti chake, akabaki nacho hewani, anamwangalia Waziri, na wapiga tarumbeta wanakiangalia kijiti. Katika mstari wa mbele Mama Ombeni alikuwa amebeba ndoo kwa mikono miwili, na maji yalikuwa yanamdondokea kwenye miguu. Hakuitua. Pembeni kabisa Bibi Tuse alifungua kilemba chake, akakikunja vizuri, akakiweka begani.

Mvuke ulipanda. Waziri akatazama saa yake.

Sikitu alikuwa bado ameshika vishikio vya toroli, anangoja kuambiwa alisukumie wapi.